Taani, Mahali Pasipo na Taa

Kuna mahali Wesha panaitwa Taani. Mwambie dereva akushushe Taani, naye atakushusha bila kuuliza, na utakapoteremka utajikuta mbele ya kibanda cha pweza wa kukaanga, mti mmoja wa mkungu na mbuzi wa watu. Taa hutaiona. Usihangaike kuitafuta, maana sisi wenyewe hatujaiona tangu nikiwa msichana wa kusukwa nywele na mama yangu. Jina ndilo lililobaki, na sisi Wapemba mahali tukishapapa jina hatupanyang'anyi kwa sababu ndogo kama ile ya kitu chenyewe kutokuwepo.

Ndivyo tunavyoelekezana. Mgeni huambiwa apite penye mkarafuu mkubwa, ambao ulikatwa zamani, kisha akunje kulia kwenye duka lililoungua. Akipotea, tunamshangaa yeye. Nilisomesha skuli miaka mingi, na kila mwaka niliwapa watoto kazi ya kuchora ramani ya kijiji chao. Walichora vitu visivyokuwepo vyote, kila kimoja mahali pake hasa, na mimi niliwapa alama zote kwa sababu niliwajua wazee wao.

Sasa nataka kueleza habari za taa za bandari yetu. Hakuna aliyeziandika, na wanaozijua huzisimulia kila mmoja akijitoa lawamani. Mimi pia nina langu moyoni katika habari hizi, na nitalifikia.

Kwanza mjue kwamba mlango wa kuingilia Wesha ni mwembamba. Kushoto kuna mwamba, kulia kuna tope la mikoko lenye uwezo wa kumeza mtu mpaka kiunoni na kumrudisha bila viatu. Mchana hakuna tabu, kila mtu anaona. Jua likishazama, chombo kinahitaji kitu kinachowaka nchi kavu, kitu kisichohama, ili nahodha ajue aelekee wapi. Mambo ni hayo tu, na kwa hayo tu tumeshindwa maisha yangu yote.

Taa ya kwanza niliyoijua ilikuwa fanusi kubwa ya mafuta, yenye kioo kinene, iliyotundikwa kwenye nguzo mwisho wa gati, karibu na hapo panapoitwa Taani. Ilikuwa taa nzuri kupita kiasi, na uzuri ndio ulioiponza. Wakati huo kijiji hakikuwa na umeme, na mtunzaji wa taa alikuwa mtu wa kuona haya. Walianza kumjia wenye maulidi. Nani atakataa taa kwa maulidi? Wakafuata wenye khitma, kisha wenye harusi, kisha wenye kutahirisha. Manahodha wakazoea. Wakifika nje ya mlango na kukuta giza, walijua kijijini kuna shughuli, na waliharakisha wasikose pilau. Mmoja aliwahi kusema kwamba giza la Wesha lilikuwa likinukia bizari.

Mwisho taa iliazimwa kwa harusi moja na haikurudi. Bwana harusi anasema aliipeleka kwa aliyekuja kuazima baada yake, na yule anasema aliipeleka mbele. Mtunzaji aliendelea kwenda gatini kila jioni, akasimama chini ya nguzo tupu, akarudi kwake. Kioo chenyewe nilikiona kwa macho yangu, miaka baadaye, katika nyumba ambayo sitaitaja, kimefunikwa juu ya sahani ya halua kuzuia nzi. Nilikula halua nikanyamaza, maana ilikuwa halua nzuri na mwenye nyumba alikuwa jamaa yetu.

Ikaja taa ya pili, mnara wa chuma wenye taa nyekundu juu. Ule uliletwa na mradi, na mradi ulikuja na hotuba. Taa iliwaka vizuri mpaka betri ilipokufa. Waliopaswa kuleta betri waliahidi kuja, nasi tuliwasubiri kwa adabu. Mnara ukabaki umesimama hapo bila kazi, na chuma kisicho na kazi hakikai muda mrefu mbele ya watu wenye mahitaji. Siku hizi naweza kukuonesha vipande vyake. Kimoja ni mwamba wa goli kwenye uwanja wa mpira. Vingine vinabeba tangi la maji la msikiti, kwa hiyo shauri lenyewe limekwisha. Nani ana uso wa kwenda kudai chuma ambacho watu wanakitilia udhu?

Ya tatu ilikuwa boya lenye taa, lililofungwa kwa mnyororo katikati ya maji. Safari hii, tulisema, hakuna wa kuazima wala wa kukata. Kusi ilipovuma mnyororo ukakatika wenyewe, na boya likaondoka kuelekea kaskazini huku taa yake inawaka. Watu walitoka pwani kulitazama likienda. Baada ya siku kadhaa tukasikia limetua Msuka, huko juu kabisa ya kisiwa, na wazee wetu wakafanya ujumbe kwenda kulidai. Watu wa Msuka waliwapokea kwa heshima zote, wakawachinjia kuku, kisha wakawaambia, "Kitu hiki kimetujia chenyewe. Sie hatukukifuata." Taa ilikuwa imeshang'olewa na inawaka uani kwa mtu. Ujumbe ukarudi Wesha na mikungu ya ndizi na pweza mkavu, ukatoa taarifa kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri.

Baada ya hapo bandari yetu haikuwa na taa yoyote, ila globu ya mama yangu.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya pwani na ina baraza mbili. Ya njiani ni ya wageni. Ya upande wa bahari ni ya nyumbani, ndipo Mama alipokuwa akikaa kusuka ukili wa mikeka. Umeme ulipofika kijijini, kila mtu alitia globu ya kwanza sebuleni ili wapita njia waione. Baba, aliyekuwa mvuvi, aliitia baraza ya bahari ili akirudi aone kwao. Majirani walicheka sana, wakasema anawamulikia samaki wapate kuona kitambaa cha mezani. Mama aliiwasha kila jua lilipozama, kabla ya kutia udhu wa magharibi, na Baba aliiona miaka mingi. Kisha Baba akafariki, si baharini bali kitandani, kwa maradhi, sote tumemzunguka.

Mama aliendelea kuiwasha. Manahodha nao walikuwa wamegundua jambo. Ukiwa nje ya mlango, ukaiona globu ya Mama imekaa chini kabisa ya taa ya mnara wa msikiti, moja juu ya mwenzake, basi uko katikati ya maji. Zikiachana, geuza haraka. Waliambiana hivyo mpaka wa Tanga wakajua. Walipeana hata namba ya kitochi chake, kile kisimu kidogo chenye tochi, na umeme ukikatika alipigiwa na watu asiowajua.

"Bibi, leo vipi? Kiza."

"Umeme ushakwenda. Ngojani niwashe taa ya chemli. Wangapi nyie?"

"Mmoja tu, Bibi. Nna saruji."

"Basi taratibu. Usije ukainywesha maji."

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa nahodha wa boti ya mizigo, akienda Tanga na kurudi, na nikisema ukweli ndiye aliyekuwa kipenzi cha Mama. Sote tulijua, na tulikwisha kusamehe.

Kaka yetu mkubwa ni mtu wa ofisi. Amejenga nyumba ya vigae Madungu, karibu na ninapokaa mimi, na alikuwa hapendi kabisa Mama kubaki peke yake Wesha. Kwa hilo simlaumu, Mama alikuwa mzee tayari na magoti yanamsumbua. Lakini Kaka hawezi kutaka jambo bila kulitafutia maelezo ya kitaalamu. Alishikilia kwamba Mama bado anamngojea Baba, ndiyo maana haachi kuwasha globu. Alilisema kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa, katika kila kikao cha familia. Alimleta hata shehe kuja kumsomea. Shehe alisoma, akanywa chai, na Mama akamuuliza Kaka mbele yake, "Weye wanionaje? Baba yako tumemzika, nami nilikuwepo. Kule aliko taa haimfai. Hii ni ya walio hai."

Shehe alisema amepona.

Ndipo ulipokuja mradi mwingine, wa taa ya jua. Nguzo ndefu nyeupe, taa kubwa, sahani ya kuchota jua juu yake. Mimi nilikuwepo siku ya uzinduzi kwa sababu skuli zilitakiwa kutoa watoto wa kuimba, na kilichotokea nilikiona kwa karibu kuliko nilivyopenda.

Hema la wageni lilikuwa limepigwa nchi kavu, kivulini, kama inavyofaa. Fundi alikuwa juu ya ngazi, ameielekeza taa baharini. Bwana mmoja aliyekuwa akisimamia sherehe akatoka mbio hemani. "We fundi! Mgeni rasmi ataona nini? Ataona mgongo wa taa?" Fundi akasema taa ni ya vyombo. Yule bwana akamwambia vyombo vitakuwepo kesho na keshokutwa, mgeni rasmi yupo leo tu. Ilikuwa hoja nzito. Fundi akaigeuza taa ikatazama hema, kwa makubaliano kwamba sherehe ikimalizika atairudisha.

Mgeni rasmi alibonyeza kitufe alasiri, jua linachoma. Hakuna aliyeweza kujua kama imewaka au haikuwaka. Tulipiga makofi, watoto wangu wakaimba, watu wakaenda kula. Baada ya kula, fundi na spana yake wakaonekana kwa mbali, wamo ndani ya gari la kuwahi boti ya Unguja.

Nasema haki ya Mungu, haikupata kuwekwa taa ya njiani nzuri kama ile. Wanawake walianika na kuchambua dagaa chini yake mpaka isha. Vijana walihamishia ubao wao wa keram pale. Mwenye duka aliacha kulipia umeme wa nje. Kutoka baharini ilionekana kama mtu anayevuta sigara nyuma ya ukuta, lakini walioko baharini ni wachache na hawaji mikutanoni. Hakuna aliyepeleka malalamiko. Mtu gani mwenye akili atakwenda kulalamika kwamba kwake kuna mwanga?

Kaka alifurahi kuliko wote. "Sasa bandari ina taa yake," alisema. "Mama hana kisingizio." Alikuja na gari siku ambayo mdogo wetu yuko Tanga, maana alijua yule angebisha. Mama alikuwa barazani, ukili mkononi. Aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo taa yao yatazama wapi?"

"Mama, taa haina macho," Kaka akamjibu.

Mama aliukunja ukili wake, akajifunga kanga, akaingia garini. Sikusikia akilalamika njia nzima, na nikaogopa zaidi kuliko kama angetutukana.

Chumba cha Madungu kilikuwa kizuri, wallahi. Kina feni, kina vigae vya maua, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kaka aliweka kufuli jipya la shaba mlango wa mbele wa nyumba ya Wesha, akaning'iniza ufunguo kwenye pete ya funguo zake za ofisi. Jioni ya kwanza jua lilipozama Mama alinyanyuka kitini, akapapasa ukutani, akawasha kila swichi aliyoikuta, mpaka ya jiko. Kaka alinikonyeza. Nilimwambia akonyeze peke yake.

Siku chache baadaye nilikuwa pale, tumeshasali magharibi, Kaka anatueleza namna anavyotaka kuibadili nyumba ya Wesha iwe ya kufikia wageni. Kitochi cha Mama kikalia. Mama hakuwahi kujua kukisikiliza kwa siri. Kila aliyempigia aliongea na nyumba nzima.

"Mama! Taa ina nini?" Alikuwa mdogo wangu. Nyuma yake nilisikia upepo, na watu wakipigiana kelele.

"Mie niko Madungu, mwanangu."

"Madungu? Wafanya nini Madungu?"

"Nimehamishwa. Wee u wapi?"

Alikuwa nje ya mlango wa Wesha, ametia nanga, boti imejaa saruji na ubavu unavuja. Vijana wake walikuwa wakikomba maji kwa ndoo, na upepo unaongezeka. Boti moja ya mbele yake ilikuwa imeshafika, alisema, kisha akajisahihisha, haikufika bali imepanda tope. Kumbe nyumba ya chini yetu, ile inayokaribia mikoko, walikuwa na harusi, wametundika taa za rangi ukuta mzima. Nahodha wa mbele aliona taa chini ya taa ya msikiti, akashukuru Mungu, akaifuata mpaka mikokoni. Mdogo wangu aliiona boti yake ikilala ubavu, akazima injini yake palepale. Sasa hakujua aende wapi, na kukaa alikokaa asingeweza muda mrefu.

"Komba maji," Mama akamwambia. "Nakuja kuiwasha."

Alikuwa ameshafika mlangoni wakati sisi bado tunatazamana. Kaka aliendesha gari vile ambavyo sijawahi kumwona akiendesha, yeye ambaye kila tuta la barabarani hulipita polepole kama anasimamia mtihani. Mimi nilikuwa nyuma, nimemshika Mama mkono. Alikuwa akisoma dua, akikatiza kumwambia Kaka apite njia ya juu.

Tulipofika, Wesha yote ilikuwa inang'aa. Harusi inawaka nyekundu na kijani, taa ya mradi inawamulikia vijana wa keram, kila uso unaonekana. Nyumba yetu peke yake ilikuwa giza. Kaka aliruka mpaka mlango wa mbele, akaanza kujipapasa mifuko, na ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu akitamka neno ambalo sitaliandika. Funguo za gari alikuwa nazo. Zile za ofisi, pamoja na ule wa kufuli la shaba, zilikuwa juu ya meza Madungu.

Mama hakusimama hata kumtazama. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akatoa ufunguo wa mlango wa jikoni. Alikuwa amelala nao Madungu siku zote hizo. Akaingia gizani bila kugusa ukuta, na globu ya baraza ya bahari ikawaka.

Tulisimama pale barazani sisi watatu. Huwezi kuona chochote baharini ukiwa umesimama chini ya taa, hilo nililijifunza jioni ile. Kulikuwa na giza tu na ngoma ya harusi upande wa pili. Kaka akaanza kulia, mtu mzima na tai yake shingoni, akimwambia Mama amsamehe. Mama akamwambia, "Nyamaza tusikie." Kisha tukasikia injini, ile yenye kikohozi ninayoijua, ikija taratibu mpaka gatini.

Mdogo wangu alipanda juu ameloa, mweupe kwa saruji tangu kichwani. Alimbusu Mama mkono, akamtazama Kaka, akampita. Wale wa boti ya kwanza walitokea mikokoni wakiwa na tope mpaka kiunoni, wakaingia moja kwa moja harusini, na wenye harusi wakawapokea kwa pilau. Tope la Wesha lina bahati yake.

Mama hakurudi Madungu. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyetaja jambo hilo tena. Mimi nilikuwa nimeshastaafu na sina mume wa kuniuliza, kwa hiyo nilihamia Wesha kukaa naye, na Kaka akaleta feni.

Wenye mradi walikuja kuchunguza. Waliipima taa yao wakaridhika kwamba inafanya kazi bila kasoro, kwa kuwa lengo lilikuwa kuimulika bandari, na bandari ilikuwa inamulikwa hasa. Kuigeuza, walisema, ni kazi ya mradi mwingine. Wakasikia habari za globu ya Mama, wakapendezwa nayo mno. Wakamwita kwenye semina Chake Chake, ya kujengewa uwezo wa kuendesha taa. Alikwenda, akapewa fulana na kofia, akasinzia tangu ufunguzi mpaka sambusa. Nilipomuuliza amejifunza nini, alisema wamemfundisha kwamba usiku hauonekani. Fulana akaifanya ya kushikia vyungu.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa, mimi na yeye. Nilijua sauti za manahodha wote kwa simu. Mama aliwauliza wake zao, watoto wao, saruji yao. Wakichelewa hakulala mpaka wapite, na mimi niligombana naye kwa hilo, na asubuhi tulikunywa chai kama kawaida.

Alifariki mwaka huu, mchana, baada ya adhuhuri, akiwa ameegemea mto barazani kwake. Tulimzika baada ya alasiri. Kaburini walikuwepo watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao wenye mikono ya bahari.

Jioni nyumba ilijaa. Sisi wanawake ndani, kwenye mikeka, wanaume baraza ya njiani na uani. Baada ya magharibi akaja kutuhani msiba bwana mmoja mkubwa, mmoja wa wale wa mradi, na kwa kuwa watu wa namna yake hawawezi kuona wengi wamekaa bila kuwahutubia, akaomba kusema machache. Alisema machache mengi. Alisema marehemu alikuwa nuru ya bandari, mfano wa kujitolea, na kwamba taa yake haitazimika kamwe. Akina mama walikuwa wakilia, na mimi nililia nao, maana hata maneno ya watu kama hao humchoma mtu siku kama ile. Kaka alijibu kwa niaba ya familia. Naye aliisifu taa. Mdogo wangu alikaa pembeni, kichwa kifuani.

Kitochi cha Mama kilikuwa mapajani mwangu. Sijui kwa nini nilikuwa nimekishika, nadhani kilikuwa bado kinanukia udi wake. Kikalia, nikakipokea.

"Assalaam alaykum. Kwa Bibi hapo?" Ilikuwa sauti ya nahodha mmoja wa Tanga. Alikuwa na siku nyingi hajavuka, hakuwa na habari.

"Waalaykum salaam. Ndipo."

"Nipo nje ya mlango, Bi dada. Mwambie Bibi leo kachelewa kidogo."

Nikageuka nikatazama upande wa bahari. Baraza ilikuwa giza tupu. Nyumba nzima ya watu, wakubwa wao wamesimama mmoja baada ya mwenzake na kipaza sauti kuisifu taa, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeiwasha.

Nikanyanyuka, nikawavuka wanawake waliokaa mikekani, nikawasha.

"Haya, nishaiona," akasema. "Nishukurie Bibi."

"Taratibu," nikamwambia. Nilitaka kumwambia na lile jingine, kwamba Bibi tumemzika leo. Nikalizuia. Nikakaa penye mto wake nikingoja kusikia injini, ili nimwambie akishaingia.